Kona Iliyoshindiliwa Kila Jumamosi: Uchambuzi wa Kisa cha Reli Ndogo ya Klabu Moja Jijini Tanga

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachofuata kilitokea katika klabu ya wapenda reli jijini Tanga, na kimeandikwa kwa ridhaa ya wanachama wake ili kiwafae watu wengine wanaojitolea kutunza kitu kinachobeba binadamu, kiwe reli ndogo, boti ya mashindano au pembea za watoto. Jina la klabu, mtaa, mwaka na majina ya wahusika vimeondolewa. Wahusika wanne wakuu wanatajwa kwa nafasi zao tu: Mzee, aliyestaafu kazi ya unyapara wa kikosi cha njia kwenye reli kuu, Fundi, mchomeleaji mwenye karakana yake, Katibu, mwalimu wa sekondari, na Binti, mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Vipimo vimeachwa kama vilivyo daftarini, kwa kuwa ndivyo vilivyomaliza ubishi.

Usuli

Si ajabu klabu ya namna hii kuzaliwa Tanga. Ujenzi wa reli ya kwanza katika nchi hii ulianzia hapa mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na hadi leo kuna familia ambazo babu, baba na mjomba wote walikula mshahara wa reli. Mashamba ya mkonge nayo yalikuwa na vijireli vyao vyembamba vya kusomba majani kutoka shambani kwenda korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, kwa hiyo hata mtu ambaye hakuajiriwa na shirika la reli aliweza kukua akijua taruma, kile kipande kinacholazwa chini ya reli kuzishikilia, ni nini na toroli likiacha njia hurudishwaje. Klabu ilianzishwa na watu wa aina hiyo, baadaye wakajiunga vijana waliovutiwa zaidi na betri na mota kuliko historia.

Njia ya klabu ina upana wa inchi 7 na robo, yaani milimita 184, kipimo kinachotumiwa na klabu nyingi za reli ndogo za kupanda, hasa Uingereza. Imetandikwa chini, ardhini, ikizunguka kiwanja chenye mwembe mmoja mkubwa na miarobaini kadhaa. Reli zenyewe ni pao bapa za chuma za mita 6, zilizosimamishwa kwa ubavu na kuchomelewa vibao vidogo vyenye matundu ya skrubu, na kila kibao kimefungwa kwenye taruma la mbao laini. Mataruma yako umbali wa sentimita 25, juu ya kokoto. Kichwa cha treni kinaendeshwa kwa betri, na nyuma yake kuna mabehewa matatu ambayo abiria huyakalia kama wapandao farasi, miguu ikiwa kwenye vikanyagio vya pembeni. Kila behewa limebebwa na vigari viwili vya magurudumu manne, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kati ya kigari kimoja na kingine kuna kiasi cha mita moja na robo.

Jambo moja kuhusu ukubwa huu linahitaji kukaziwa, kwa sababu wageni wengi na hata baadhi ya wanachama hulichukulia kinyume. Watu huona reli ndogo wakadhani makosa yake nayo ni madogo. Reli kuu ya Tanga ina upana wa milimita 1000, mara tano na zaidi ya ile ya klabu, lakini abiria hawakupunguzwa mara tano: mtu mzima wa kilo 80 anakaa juu ya magurudumu yaliyotengana chini ya sentimita 20, na kwa uwiano wa upana uzito wake uko juu sana kuliko ulivyo uzito wa behewa la kweli. Reli moja ikizama milimita 5, kwa uwiano wa upana ni sawa na kuzama kwa milimita 27 hivi kwenye reli kuu. Mnyapara yeyote angepeleka watu haraka kwenye kasoro ya namna hiyo. Kwenye kiwanja cha klabu ilikuwa haionekani kwa macho.

Matengenezo yalifanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, wa Jumamosi asubuhi. Waliokuja walikuja, Mzee akagawa kazi, jembe na sururu zikatoka stoo, na saa nne ikanywewa chai. Jumapili alasiri njia ilifunguliwa kwa watoto wa mtaani na wazazi wao kwa kiingilio kidogo kilichokwenda kwenye mfuko wa betri. Hapakuwa na daftari la njia. Kilichofanyika Jumamosi moja kilibaki kichwani mwa aliyekifanya, na kama Jumamosi iliyofuata alikuwa Muheza kwenye msiba, kilikuwa Muheza pia.

Mfululizo wa matukio

Mwanzoni mwa mwaka wa kisa, behewa la tatu liliacha njia kwenye kona iliyo chini ya mwembe. Lilikuwa tupu, likirudishwa bandani. Walioliona walilinyanyua, wakaliweka relini, wakatazama pale magurudumu yaliposimama, wakaona kokoto zimelegea, wakazishindilia. Ilichukua muda mfupi kuliko kuisimulia, na hakuna aliyeona sababu ya kuitaja kwa mtu mwingine.

Jambo lilelile lilijirudia katika wiki zilizofuata, daima behewa la tatu, daima likiwa tupu au likiwa na mtoto mmoja, na mara zote wakaona gurudumu limetulia takriban mahali palepale. Kwa hiyo mahali palepale pakashindiliwa tena. Kila kikundi cha Jumamosi kiliona kimefanya kazi nzuri, na kwa mtazamo wa jasho kilikuwa kimefanya kazi nzuri kweli.

Mwaka ule mfungo wa Ramadhani uliangukia mwanzoni mwa masika. Msaragambo ulipungua, jambo la kawaida na lisilo na lawama: mtu aliyefunga hapigi sururu hadi saa sita juani. Lakini mvua haikupungua. Mfereji wa upande wa juu wa kona ulijaa majani ya mwembe na udongo mwekundu, maji yakapita chini ya njia badala ya pembeni yake, na kwa mwezi mzima hakuna aliyeitembea njia yote kwa miguu. Treni nayo haikutembea, kwa hiyo njia ilionekana imepumzika.

Siku ya Iddi Pili njia ilifunguliwa kwa umati mkubwa kuliko wa Jumapili yoyote. Katika mzunguko mmojawapo wa alasiri, treni ikienda kwa mwendo wa mtu atembeaye, kigari cha nyuma cha behewa la tatu kiliacha njia kwenye kona ya mwembe. Behewa liliinama upande. Baba mmoja aliyekuwa amempakata mwanawe alitoa mguu nje ili kulizuia lisipinduke, mguu ukabanwa kati ya kikanyagio na ncha ya taruma, kifundo kikateguka. Mtoto alichubuka kiwiko. Dereva alisimamisha treni ndani ya mita chache. Baba yule alipelekwa hospitali kwa bajaji, akafungwa bandeji, akarudi nyumbani jioni ileile, na Katibu pamoja na Mzee wakamfuata kwake usiku huo kumpa pole na kubeba gharama za matibabu. Naitaja ziara hiyo kwa makusudi: hakwenda kijana aliyetumwa, walikwenda wakubwa wenyewe, na hadi leo familia ile haijaacha kuja kiwanjani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuifunga njia, na haukupita kwa wepesi. Sikukuu ndiyo mavuno ya mfuko wa betri, na palikuwa na foleni ya watoto waliovaa nguo mpya. Fundi alipendekeza behewa la tatu pekee liondolewe na treni iendelee na mawili. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki, kwa kuwa mabehewa mengine hayajawahi kuanguka. Katibu alilikataa kwa hoja moja: tunajua behewa lipi limeanguka, hatujui kwa nini. Waliokuwa kwenye foleni walirudishiwa pesa zao langoni, mmoja mmoja, na Mzee mwenyewe ndiye aliyewaambia kuwa njia ina ugonjwa.

Jioni ile chini ya mwembe zilitolewa sababu nyingi. Mmoja alisema ni joto, kwa kuwa chuma kikipata moto hurefuka na kona husukumwa nje. Hoja hiyo si ya kupuuzwa Tanga. Pao la chuma la mita 6 likipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka karibu milimita 2, na viungo vikiwa vimebanana urefu huo lazima upate pa kwenda. Tena Fundi alikuwa amechomelea viungo kadhaa ili treni isigonge-gonge. Lakini siku ile ilikuwa ya mawingu, reli zikiwa baridi mkononi, na kona haikuwa imevimba. Mwingine alisema baba yule aliegemea upande. Mwingine alilaumu magurudumu. Mzee hakusema kitu, akaomba tochi.

Alichofanya ndicho kilichogeuza kisa. Alipiga magoti, akaipangusa reli ya nje kwa kitambaa, akamulika kwa tochi iliyolazwa karibu sawa na chuma. Juu ya uso wa reli palikuwa na mchirizi mwembamba unaong'aa, ukianzia ukingo wa ndani, ukikata mshazari polepole kwenda ukingo wa nje, urefu wake kama nusu mita. Baada ya mchirizi kukatika, mataruma yaliyofuata yalikuwa na alama mpya za kukwaruzwa, mpaka pale behewa liliposimama. "Hapa limepanda," alisema akiweka kidole mwanzo wa mchirizi, kisha akanyoosha mkono mbele: "pale limeanguka, na kule ndiko tulikoliokota. Sisi tumekuwa tukitibu kule."

Uamuzi wa pili ulimuudhi Mzee huyohuyo. Alitaka Jumamosi inayofuata kona ipigwe sururu. Binti akaomba kwa adabu isiguswe kwanza hata jiwe moja mpaka ipimwe, kwa sababu ikiguswa ushahidi utakwenda na kokoto. Mzee alimwambia, "Mwanangu, mimi njia hii naijua kwa unyayo." Binti alijibu, "Naam Mzee, ndiyo maana naomba uje unishikie upande wa pili wa pima maji." Wakapima pamoja. Pima maji ililazwa juu ya reli mbili kwenye kila taruma, na upande ulio chini ukanyanyuliwa kwa vibati vyembamba vya unene unaojulikana hadi kipovu kikae katikati. Idadi ya vibati ikaandikwa kwenye daftari la mistari pamoja na namba ya taruma.

Njia ilijengwa reli zote mbili zikiwa usawa mmoja. Kwenye taruma namba 61, mwanzo wa mchirizi, reli ya nje ilikuwa chini ya ile ya ndani kwa milimita 7. Kwenye taruma namba 66, pale behewa lilipookotwa kila mara, reli ya nje ilikuwa juu kwa milimita 4. Kati ya 61 na 66 kuna mita moja na robo, yaani umbali uleule ulio kati ya kigari cha mbele na cha nyuma cha behewa. Kwa maneno mengine, kigari cha mbele kilipokuwa juu ya kilima kilichojengwa na misaragambo, cha nyuma kilikuwa ndani ya shimo ambalo hakuna aliyeligusa. Njia ilikuwa imesokotwa kwa milimita 11, na behewa likasimama kama meza isiyokaa sawa sakafuni: uzito wote kwenye miguu miwili ya mshazari, gurudumu la nje la nyuma likining'inia. Binti alilisukuma behewa tupu hadi hapo na kupitisha kipande cha boksi chini ya gurudumu hilo bila kukigusa chuma. Gurudumu lisilo na uzito halishikwi na reli kwenye kona. Ukingo wake hupanda reli na kuvuka.

Kwa nini basi lilikuwa behewa la tatu tu? Hapo Fundi alipatia nusu ya jibu. Miezi kadhaa kabla, abiria walilalamika kwamba behewa hilo linayumba, naye akachomelea vipande vya chuma juu ya vigari ili kulituliza. Lilitulia kweli, lakini likapoteza uwezo wa kujikunja kufuata njia. Mabehewa mengine mawili, yaliyolegea, yalipita kwenye msokoto uleule yakinesanesa tu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kufukua kona nzima. Kuinua reli pale 61 na kuishusha pale 66 kungetosha kwa wiki chache, lakini swali la kwa nini 61 ilizama lingebaki. Walipofukua walikuta kokoto zimekaa moja kwa moja juu ya udongo mwekundu, na kila treni ilipopita juu ya udongo ulioloa, tope lilisukumwa kupanda katikati ya kokoto mpaka nafasi za kupitisha maji zikaziba. Mataruma matatu yalikuwa maganda matupu. Mchwa walikuwa wameyala kwa chini, juu yakabaki mazima na rangi yake, na dalili pekee ilikuwa skrubu inayozunguka bila kukaza, dalili ambayo wanachama zaidi ya mmoja walikiri kuiona na kuipuuza.

Kazi ilifuata mpangilio huu: udongo ulichimbwa chini na kupewa mteremko kuelekea nje ya kona, ukawekwa tabaka la mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa ili kuzuia tope lisipande, juu yake zikaja kokoto mpya zilizovunjwa, zenye pembe, kwa kuwa mawe ya mviringo hayashikani, na mfereji wa juu ukatengwa kabisa na njia. Kuhusu mataruma palikuwa na mabishano marefu. Taruma za plastiki iliyorejelezwa, zinazotumiwa sana na klabu za Ulaya, hazikupatikana kwa bei ya klabu. Taruma za chuma zilikataliwa na Fundi mwenyewe, ambaye anajua upepo wa chumvi unavyofanya chuma chembamba kilicholala kwenye unyevu. Zikachaguliwa mbao za mtiki, masalia ya viwanda vya mbao vya upande wa Muheza, kwa bei nafuu.

Uamuzi wa nne ulihusu watu. Daftari la Binti lilifanywa daftari la njia. Kila taruma la kumi lilipakwa namba kwa rangi nyeupe. Ikakubaliwa kuwa hakuna kushindilia kokoto popote bila kipimo cha kabla na cha baada, na kwamba kila siku ya kufungua, mtu mmoja wa zamu aitembee njia yote na awe na mamlaka ya kuikataa, hata kama ndiye mdogo kuliko wote. Kipengele hiki cha mwisho kilizua minong'ono, kwa kuwa klabu hii, kama nyingine za hapa, huendeshwa kwa ukubwa wa umri kuliko kwa katiba.

Matokeo

Kona ya mwembe haijaangusha behewa tangu ifunguliwe tena, na ilivuka mvua za vuli ikiwa na tofauti isiyozidi milimita 2 kwenye taruma lolote. Vipande vya Fundi viliondolewa kwenye behewa la tatu, ingawa kwa kuchelewa; kwa wiki nne njia ilikuwa tayari na behewa halikuwa tayari, kwa sababu Fundi alitaka kwanza kubuni namna nyingine ya kuzuia kuyumba. Hatimaye aliweka vipande vya mpira wa tairi mahali pa chuma, na abiria wakaacha kulalamika.

Mamlaka ya mtu wa zamu yalijaribiwa mapema. Jumapili moja ya vuli Binti alikuta skrubu mbili zinazunguka kwenye pointi, yaani pale njia inapogawanyika, ya kuingilia bandani, akaikataa njia wageni wakiwa langoni. Macho yote yakamgeukia Mzee. Mzee akasema tu, "Mwenye zamu kasema," akaenda kuwatengenezea watoto nafasi ya kupanda kichwa cha treni kikiwa kimesimama. Baada ya siku hiyo minong'ono iliisha.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Mtiki una sifa ya kukataa mchwa, lakini sifa hiyo ni ya kiini chake cha rangi ya kahawia. Mbao nyeupe ya pembeni huliwa kama mti mwingine wowote. Masalia yaliyonunuliwa kwa bei nafuu yalikuwa na weupe mwingi, na kabla mwaka haujaisha baadhi yake yalikuwa yameanza kuliwa pembeni, karibu kabisa na skrubu. Gharama iliyookolewa ililipwa upya. Mfuko wa betri uliyumba, kwa kuwa mapato ya Iddi na ya wiki za ukarabati yalipotea. Na idadi ya wanaokuja Jumamosi ilipungua. Kazi ya kulaza pima maji na kuandika namba haina shangwe ya sururu, na wanachama wachache, watu wa nguvu na moyo, waliona wamefanywa makarani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kufunga njia yote pale ambapo palikuwa na kisingizio kizuri cha kufunga kipande tu. Ukitazama nyuma, pendekezo la Fundi la kuendelea na mabehewa mawili huenda lisingeumiza mtu siku ile. Lakini lingeliacha shimo la 61 liendelee kuzama, na behewa la pili nalo lingefika zamu yake. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa kile kilichojulikana saa ile, na hicho ndicho kipimo cha haki cha uamuzi.

Kilichofanya kazi pili ni kukutana kwa ujuzi wa aina mbili. Bila jicho la Mzee, Binti angepima njia yote na kupata orodha ndefu ya tofauti bila kujua ipi ndiyo iliyoangusha. Bila daftari la Binti, Mzee angejua behewa lilipanda wapi, lakini asingejua kwamba kilima cha 66 kilihusika, kwa maana kilima hicho kilikuwa mbele ya anguko. Wengine katika klabu wanakisimulia kisa hiki kama ushindi wa vipimo dhidi ya uzoefu. Sikubaliani nao.

Kilichoshindwa ni kikubwa zaidi, nacho ni mtindo wa msaragambo wenyewe. Msaragambo hupima kazi kwa watu waliofika na jasho lililotoka. Ni mzuri mno kwa kuchimba msingi wa shule au kufungua barabara, kazi ambayo mwisho wake unaonekana. Matengenezo ya njia hayana mwisho unaoonekana. Yana mwelekeo tu, na mwelekeo hauonekani bila kumbukumbu. Kila kikundi kilichoshindilia 66 kiliongeza milimita moja au chini yake. Hakuna kikundi kilichokosea peke yake, wala hakuna aliyeweza kuona jumla yake. Angalia pia jinsi hatari ilivyopanda kimyakimya: shimo peke yake liliangusha behewa tupu, jepesi, shimo pamoja na kilima likaangusha behewa lenye watu. Ukarabati ndio uliolifikisha tatizo kwa abiria.

Upande wa Fundi una sura ileile. Alijibu malalamiko halali ya abiria, kwa ustadi, na hakuna aliyemwuliza kitu kwa sababu behewa lilikuwa kazi ya Fundi na njia ilikuwa kazi ya Mzee. Mpaka huo wa heshima kati ya mafundi wawili ulikuwa mahali ambapo kisa kingeweza kuzuiwa kwa mazungumzo ya dakika kumi: mmoja akisema nimelikaza behewa, mwenzake angesema basi njia yangu haina budi kunyooka zaidi. Daftari la sasa lina ukurasa wa mabehewa upande mmoja na wa njia upande wa pili, na mtu wa zamu husoma zote mbili.

Kuhusu kupungua kwa watu, nadhani klabu ilijibu vibaya mwanzoni kwa kuwahimiza wote wapime. Si kila mtu anapaswa kupima. Wanaopenda sururu wana mifereji, na mfereji mchafu ulikuwa mmojawapo wa vyanzo vya kisa chote. Ilitosha kuwaambia kuwa mfereji ni sehemu ya njia. Walipoambiwa hivyo, baadhi walirudi.

Suala ambalo halijaamuliwa ni la Ramadhani. Katibu amependekeza klabu iwalipe vijana wawili kusafisha mifereji mwezi wote wa mfungo. Mzee anapinga, akisema ukishamlipa mtu kwa kazi ambayo jirani yake anaifanya bure, mwakani hata jirani atauliza posho, na isitoshe Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, hivyo itaachana na masika yenyewe. Katibu anajibu kwamba masika hayaondoki, na kwamba msimu wa kilimo nao huwatoa watu kiwanjani kuliko hata mfungo. Mkutano wa mwisho uliahirisha kura, na kwa sasa mfereji wa kona unasafishwa na mtu wa zamu kabla hajaanza kupima.